Mpapindi wa Pemba na Shomoro wa London
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Barking, London



Kamati iliponiomba nizungumze mbele yenu ilinipa uhuru wa kuchagua mada, ila kwa sharti moja: nisiingie katika siasa. Nimetii. Nitazungumzia mti mmoja na ndege mmoja. Mti ni mpapindi, wa kwetu Pemba. Ndege ni shomoro, ambaye baadhi yenu humwita jurawa, na ninayemkusudia hasa ni shomoro wa majumbani wa mji huu wa London. Waliokwisha kuisoma ajenda wameona kwamba kifungu cha nne kinahusu bonde letu la Konde, na pengine watanishuku kwamba nimeanza kampeni kabla ya wakati wake. Hawatakuwa wamekosea sana.

Nianze na mti. Vijana waliozaliwa huku hawajapata kuuona mpapindi, na hata miongoni mwetu tuliozaliwa Pemba wamo walioupita maisha yao yote wakidhani ni mpopoo. Ni mti wa jamii ya mnazi, mtende, mkindu na mwale. Shina lake ni jembamba na lina pete mfano wa mwanzi; aghalabu mashina kadhaa huchipuka pamoja katika kitako kimoja, kama ndugu waliokataa kugawana nyumba. Matunda yake ni madogo na huiva kwa wekundu. Kwa asili yake hauoti pengine popote duniani isipokuwa kisiwani Pemba, na huko kwenyewe makazi yake makubwa ni msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, katika njia itokayo Konde kwenda Vumawimbi na Ras Kigomasha. Ngezi ni salio. Zamani misitu ya namna hiyo ilienea zaidi kisiwani, kisha ikakatwa kupisha mikarafuu, mpunga na mihogo, na mingine ikaishia jikoni na katika matanuri ya chokaa. Mpapindi wenyewe, kwa kuwa shina lake limenyooka, ulikuwa unatafutwa na wajenzi wa nyumba za udongo.

Hadithi ya jina lake la kitaalamu inanifurahisha, na naomba mnivumilie kidogo hapa. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani, Harold Moore, ndiye aliyeuandika rasmi, akauita Chrysalidocarpus pembanus, yaani wa Pemba. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa bustani ya Kew, hapa hapa London, Henk Beentje na John Dransfield, walipokuwa wakipanga upya jamii nzima ya miti hiyo, waliuhamisha ukaitwa Dypsis pembana. Miaka michache iliyopita, baada ya vinasaba kuchunguzwa, ukarudishiwa jina lake la kwanza. Mti haukusogea hata hatua moja. Makaratasi ndiyo yaliyosafiri. Mimi niliyetumikia serikali mbili, moja huko na moja huku, na ambaye jina la babu yangu limeandikwa kwa namna moja katika pasi za Maskati, kwa namna ya pili Zanzibar na kwa namna ya tatu katika barua za manispaa hapa London, niliposoma habari hiyo nilijiona nasoma habari za jamaa.

Na kweli una jamaa, nao wametawanyika. Ndugu zake wote wa karibu wako Bukini, ambayo leo yaitwa Madagaska, na wachache wako visiwa vya Ngazija. Upande wetu huu wa bahari umebaki peke yake. Zaidi ya hayo, mmoja wa ndugu zake hao wa Bukini mnamjua nyote, na baadhi yenu mnaye sebuleni: ni ule mti wa chungu wenye makuti mepesi ya kimanjano unaouzwa katika maduka ya maua na ya samani mji mzima. Huyo anazaa katika mabanda ya vioo, anauzwa kwa maelfu, anawekwa katika kumbi za benki na hospitali, ilhali kwao Madagaska, katika misitu ya pwani, anapungua. Kwa hiyo mtu aweza kuenea dunia nzima na bado akawa anatoweka nyumbani. Sisemi zaidi.

Sasa ndege. Shomoro ni kinyume cha mpapindi karibu katika kila jambo. Mpapindi unakaa kisiwa kimoja. Shomoro ameota mizizi kila mahali palipo na binadamu na nafaka. Unguja aliletwa na watu. Marekani alipelekwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850, na sasa amejaa bara zima. Hapa London alikuwa mwenyeji kiasi kwamba watu wa mashariki ya mji, masikini na wachangamfu, walitaniwa kwa jina lake. Hakuna aliyedhani kwamba ndege wa namna hiyo aweza kwisha, na kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumhesabu.

Isipokuwa mtu mmoja. Mwaka 1925 kijana wa miaka 21 aitwaye Max Nicholson, akifuatana na ndugu yake, alikwenda Kensington Gardens akahesabu shomoro waliokuwamo ndani ya bustani ile. Wakapata 2,603. Fikirini walivyotazamwa na wapita njia: vijana wawili wazima, na daftari, wanahesabu shomoro! Ni sawa na mtu kukaa Forodhani akahesabu kunguru. Nicholson baadaye akawa mtumishi mkubwa wa serikali na mmoja wa waanzilishi wa mashirika ya kuhifadhi viumbe, lakini mimi namheshimu zaidi kwa asubuhi ile. Kwa sababu ya daftari lake, waliokuja nyuma waliweza kurudi mahali pale pale na kulinganisha. Mwaka 1948 walipata 885. Mwaka 1975 walipata 544. Mwaka 1995 walikuwa 46. Mwaka 2000 waliwakuta 8.

Nane, katika bustani ya kifalme, katikati ya mji.

Tulikuwapo, ndugu zangu. Wengi wetu tulihamia mji huu katika miaka hiyo hiyo ya tisini. Tulikuwa tukitafuta nyumba, kazi na skuli za watoto, na juu ya vichwa vyetu jambo hili lilikuwa likitendeka bila ya kelele. Kati ya 1994 na 2004 London ilipoteza kiasi cha asilimia 60 ya shomoro wake. Mwaka 2000 gazeti la The Independent lilitangaza zawadi ya pauni 5,000 kwa mtaalamu atakayethibitisha sababu. Mwaka 2002 shomoro aliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza walio katika hali mbaya.

Sababu zimetajwa nyingi, na naona kila moja ina ukweli wake. Upungufu wa mwanzo, wa miaka ya 1920 na 1930, unaelezwa kwa farasi: farasi walipoondoka mabarabarani, shayiri iliyomwagika kutoka katika mifuko ya chakula chao ikaondoka pia. Kisha mapaa yakatengenezwa. Shomoro hutaga chini ya vigae vilivyolegea na katika mianya ya mapaa makuukuu, na nyumba iliyozibwa vizuri ili isipitishe baridi haina nafasi yake. Kisha ni wadudu. Shomoro mkubwa hula mbegu, lakini kinda wa siku chache hawezi. Yeye hulishwa viwavi na vidukari, na asipovipata hufa kiotani, pasipo mtu kujua. Viwavi na vidukari hukaa katika majani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba London ilikuwa ikipoteza bustani zenye majani za majumbani, kila mwaka, kiasi cha eneo la Hyde Park mbili na nusu. Zilikwenda wapi? Nyingi zilifunikwa kwa mawe na saruji, mara nyingine ili gari lipate pa kusimama. Sitamtaja mtu, lakini nilipofika leo niliona magari ya aila hii yamepanga mstari mzuri.

Iko na sababu nyingine ambayo itawashangaza wazee. Mwaka 2019 wataalamu wa shirika la wanyama la London walitangaza kwamba walipima shomoro wa mji huu katika makundi 11, na 7 kati ya hayo yalikuwa yakipungua. Waliwakuta ndege wengi mno, kwa wastani 74 katika kila 100, wana vijidudu vya malaria. Ni malaria ya ndege, haimpati binadamu. Hata hivyo, kwa sisi tuliolelewa kwa kwinini na vyandarua, kusikia kwamba kinachowadhoofisha shomoro wa London ni malaria ni kama kukutana na mtu wa Wete katika kituo cha treni usiku wa theluji.

Basi tukiuweka mti huu na ndege huyu pamoja, yupi aliye hatarini zaidi? Mwenye haraka atasema mpapindi, kwa kuwa ni wachache na mahali pao ni pamoja. Ukiteketea msitu mmoja, hadithi imekwisha. Shomoro ana mamilioni: katika hesabu ya ndege wa bustani iliyofanywa nchi nzima mwaka 2024, bado yeye ndiye aliyeonekana zaidi kuliko ndege wengine wote. Mimi nimelifikiri jambo hili muda mrefu na sikubaliani moja kwa moja na mwenye haraka.

Mpapindi una adui anayeonekana. Anakuja na panga au shoka, ana jina, na mzee wa mtaa anamjua mama yake. Aweza kuzuiwa njiani, aweza kuombwa, aweza hata kulipwa asikate. Msitu wa Ngezi una mpaka na una walinzi, na kwa sababu hiyo mpapindi bado uko. Shomoro hana adui wa namna hiyo. Aliyeziba paa lake hakukusudia kumdhuru, wala aliyeweka saruji. Kila mmoja alifanya jambo la busara ndani ya ua wake, na jumla ya busara hizo ikawa bustani yenye ndege wanane. Huwezi kumweka mlinzi wa kuzuia jambo hilo.

Tena shomoro ana tabia moja ambayo sikuijua mpaka nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma. Ana mbawa, lakini hahami. Shomoro wengi huishi na kufa ndani ya kilomita moja au mbili za kiota walichozaliwa. Nao ni ndege wa jamaa: hutaga karibu karibu, hula pamoja, hupiga kelele pamoja kichakani jioni. Kundi linapopungua hadi kuwa ndege wawili watatu, laweza kuvunjika lote. Na mtaa wa mbali ukiwa na shomoro tele hausaidii sana, kwa sababu ni nadra waje kujaza pengo. Ndiyo maana nchi nzima yaweza kuwa na mamilioni, na mtaa wako usiwe na hata mmoja.

Nawatazama hapa. Wako waliotoka Leicester na Coventry, wako wa Copenhagen, wa Toronto, wa Maskati na Dubai, na wawili waliotoka Mombasa wakapoteza mabegi yao. Kwa hesabu ya watu, ukoo huu haujapata kuwa mkubwa kama leo. Lakini katika mji gani kati ya hiyo niliyoitaja kuna nyumba tatu zetu zilizo karibu kiasi cha watoto kwenda kwa miguu kwa shangazi yao, na kusikia Kiswahili kikisemwa na watu zaidi ya wazazi wao wawili? Nilipouliza wakati wa chakula nilipata jibu la mji mmoja tu. Kwa hiyo nawaomba wanaohofia zaidi habari za Pemba wazitazame pia habari za huku.

Nakuja sasa kwenye bonde. Kwa faida ya wasiolijua, ni ule upande wa chini wa shamba la Konde, wenye maji karibu mwaka mzima, ambako Babu alipanda mipapindi kwa mbegu alizoletewa na jamaa zake wa upande wa Ngezi. Mpwa wetu aliyeko huko ameihesabu kwa ombi langu: vitako kumi na moja vyenye mashina marefu, na miche ambayo hakuimaliza kuihesabu kwa sababu ya mbu. Pendekezo lililo mbele yenu ni kukata, kujaza kifusi, na kujenga nyumba tano za kupangisha.

Nataka kuwa mwadilifu kwa waliolileta. Ni ndugu zetu waliobaki. Wao ndio waliowauguza wazee, ndio waliozika, ndio wanaolilinda shamba huku sisi tukilikumbuka. Karafuu haizai kila mwaka, na ada za vyuo zinadaiwa kila mwaka. Ni rahisi mno kwa mtu mwenye pensheni ya London kumwandikia ndugu yake aliye Konde kwamba asikate mti kwa kuwa ni wa pekee duniani. Yule naye ana haki ya kujibu: je, bustani yako ya mbele iko wapi? Katika jambo hili wageni kutoka Ulaya wamewahi kuja kwetu na kutuhubiria, na sipendi tuwe sisi ndio wageni hao.

Lakini tunao mfano ambao haukutoka Ulaya peke yake. Wazee mnakumbuka popo wa Pemba, yule mkubwa, alivyokuwa akiwindwa kwa kitoweo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofia kwamba amebakia kidogo sana, naye ni mnyama asiyepatikana pengine popote. Watu wa vijiji wakaunda klabu za kumlinda, kwa msaada wa Idara ya Misitu na wafadhili wa nje. Kidike ikawa mahali pa wageni kwenda kumtazama kwa kiingilio, na kijiji kikapata chochote. Leo popo wale wanahesabiwa kwa maelfu mengi. Hawakuongezeka kwa sababu wanakijiji walihubiriwa. Waliongezeka kwa sababu kumwacha popo mtini kulianza kuwa na faida kwa aliyekuwa akimla.

Kwa hiyo pendekezo langu, nalo limeandikwa katika ukurasa unaofuata kijitabuni, ni hili. Nyumba zijengwe, ila zijengwe upande wa juu, kando ya barabara, penye udongo mkavu. Fundi wa huko aliyepatazama ameniambia kwamba zitaingia tatu na si tano, na kwamba msingi wake utakuwa na gharama ndogo kuliko wa bondeni kwa kuwa hapatahitajiwa kifusi. Pato la nyumba mbili zitakazokosekana tulifidie sisi tulio nje, kwa mchango wa kila mwezi, kwa miaka kumi, na fedha hizo ziende moja kwa moja kwa kamati ya Konde bila ya masharti juu ya matumizi yake. Asiyekuwa tayari kutoa mchango huo asipige kura ya kuzuia ukataji. Najua kauli hiyo ni nzito, na Mwenyekiti amekwisha kunionya kwamba itapingwa. Nimeona heri ipingwe hapa, tukitazamana, kuliko katika simu za usiku.

Pili, mipapindi ihesabiwe kila mwaka, mwezi ule ule, na hesabu ichapishwe katika kijitabu hiki pamoja na majina ya waliozaliwa na waliofariki. Mbegu zikidondoka zipandwe pale pale na katika nyua za jamaa walio tayari kuzitunza. Mbegu za miti mingi ya misitu yenye unyevu hazivumilii kukaushwa na kuwekwa kabatini. Kwa hiyo asije mtu akatia nyingine katika mfuko wa koti kwa nia njema akazileta Heathrow, maana zitafia njiani na yeye ataulizwa maswali.

Tatu ni la huku. Mkwe wetu seremala ametengeneza visanduku vya shomoro, vyenye tundu la milimita 32. Vinatakiwa vipachikwe vitatu au vinne pamoja, juu, chini ya ukingo wa paa, upande usiopigwa na jua kali, kwa kuwa nimekwisha kuwaelezeni kwamba ndege huyu hapendi upweke. Kisanduku peke yake hakitoshi. Penye kisanduku pawepo na kichaka au kipande cha majani ambacho hakikukatwa wala kupigwa dawa, ili kinda apate viwavi. Wenye saruji mbele ya nyumba wanaweza kung'oa upana wa meza moja tu na gari bado likaenea, nimepima.

Visanduku viko nyuma ya ukumbi, kando ya birika la chai. Ni vya bure, ila mtakaochukua andikeni majina na mitaa yenu katika daftari la kijani, na mwezi wa Mei nitawapigieni simu mmoja mmoja kuuliza mmeona ndege wangapi. Atakayenijibu kwamba hakuona hata mmoja nitamwandikia sifuri, na sifuri hiyo nitaichapisha pia. Kura ya kifungu cha nne itapigwa baada ya sala ya alasiri.